Kitambaa Cheupe cha Uwandani

Chokaa kuukuu ikimwagiwa maji hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote ninayoijua. Si ya vumbi, wala si ya udongo uliopigwa na mvua. Ina ubaridi wa ndani ya kisima, ina chumvi kidogo, na nyuma yake kuna moshi, moshi wa magogo ya mikoko yaliyoungua kabla wengi wenu hamjazaliwa. Juma lililopita harufu hiyo ilinifuata mpaka barazani nilipokuwa nikinywa kahawa. Nilitaka kukiweka kikombe chini nikakosa pa kukiweka, kahawa ikamwagika.

Mwanangu Athmani anaitengeneza nyumba yetu hapa Langoni, mtaa wa Amu. Kuta zinameguka, naye ana haki ya kutaka saruji. Fundi alikuwa ameingia chumba cha ndani kabisa, kilichokuwa cha bibi yangu mzaa baba, akaurashia ukuta maji ili vumbi lisiruke, kisha akaanza kuibandua plasta kwa patasi. Sikumbuki nilipiga ukelele gani. Athmani alikuja mbio akidhani nimeanguka.

"Baba, ni plasta tu," alisema.

Nikamwambia awape mafundi mapumziko mpaka nitakapomweleza jambo. Jambo lenyewe nimelibeba tangu utoto, na kwa mdomo limenishinda mara nyingi. Ndiyo maana ninaliandika, mlisome nyote pamoja naye.

Bibi yangu aliitwa Mwanahawa. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko baba yangu, na kwa miaka yote ninayomkumbuka macho yake yalikuwa na utando wa rangi ya tui jepesi. Aliweza kujua kumekucha, na aliweza kujua mtu amesimama mlangoni, lakini si nani. Kiamu chake kilikuwa cha kale: njia kwake ilikuwa ndia, macho yalikuwa mato, maji yalikuwa mai. Mimi alinifanya mumewe, kama bibi wengi wanavyowafanya wajukuu zao wa kiume, naye alikuwa mke mwenye malalamiko. Nikirudi shule hunipokea mbele ya wageni: "Mume gani huyu, kila siku arudi mikono mitupu? Nitalala na ndaa hata lini?" Wageni wakicheka, nami nikitamani sakafu inimeze. Siku nikimletea kipande cha kashata alikilamba taratibu, akasema, "Haya, leo nimeolewa."

Wageni wake walikuwa wengi. Hawakuja kwa ajili ya kashata. Bibi alikuwa ameshika kichwani nasaba za nusu ya mji: nani mtoto wa nani, nani alinyonyeshwa na nani, nani kwa sababu hiyo hawezi kumwoa nani. Posa nyingi za Langoni zilipita kwanza kwake. Wazee wenye vilemba walivua viatu mlangoni, wakakaa kwenye mkeka, wakamuuliza, na alilosema likawa limekwisha.

Na jambo alilolijua kuliko yote lilikuwa Uwandani.

Uwandani ulikuwa mji katika kisiwa cha Manda, upande unaotazama bara, mji wa nyumba za mawe kama hizi zetu. Visima vyake viliingia chumvi, watu wakahama ukoo baada ya ukoo, na Bibi akatoka huko mgongoni mwa mama yake. Hakukumbuka hata jiwe. Lakini mama yake, katika uhamisho wake hapa Amu, alimjengea nyumba ile upya kwa maneno, usiku baada ya usiku, mpaka Bibi akaweza kutembea ndani yake bila kujikwaa.

Alinifundisha na mimi, nikimkanda miguu. Ukitoka msikitini, nyuma ya kibla, utakuta kisima. Kutoka kisimani fuata ndia iendayo upande wa jua kuchomoza. Nyumba ya kwanza si yetu, ni ya jirani. Yetu ni ya pili, imeinamia bondeni. Utaingia dakani, pale penye viti vya mawe viwili, upite ukumbi, ufike chumba cha ndani. Kando ya mlango wake kuna birika la kuhifadhi maji, na chini kabisa ya birika limejengewa bakuli la samawati na jeupe. Hapo ndipo samaki wadogo, wale wanaokula viluwiluwi vya mbu, walipobaki hai maji yakipungua. Bakuli hilo lilikuwa na pengo ukingoni. Mama yake Bibi, alipokuwa msichana, alilipiga kwa kata akijaribu kumshika samaki, akachapwa. Bibi alikuwa akilisimulia pengo hilo kwa furaha, kana kwamba aliyechapwa ni yeye.

Lakini alipofika chumba cha ndani sauti yake ilishuka. Ukutani kulikuwa na safu za vidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, na katika safu ya chini kabisa kidaka kimoja kilikuwa kimezibwa, na juu ya plasta yake kimechorwa ua. Chini ya kidaka hicho, sakafuni, alilazwa kaka yake Bibi, mtoto ambaye hakufikia siku ya kupewa jina. Watu wa kale waliwalaza hivyo watoto wachanga, karibu na mama zao. Mama yake alipohama aliinama pale akamwahidi kwamba atarudi kumsalimia. Hakurudi. Ahadi akaiacha kwa binti yake.

"Nami nimekaa ng'ambo nikisema mwaka ujao, mwaka ujao," alikuwa akisema, "hata mato yakatangulia kuondoka."

Sasa niwaeleze kazi ya baba yangu. Baba alikuwa mchoma chokaa. Yeye na wenzake walipanga magogo ya mikoko kwa duara, wakayarundikia mawe ya matumbawe, wakatia moto ukawaka usiku na mchana, na mawe yakawa meupe na mepesi. Mawe hayo yalichimbwa, au yalitolewa kwenye magofu. Msimlaumu kwa hilo. Miaka ile ya hamsini hakuna aliyeyaona magofu kuwa kitu. Hata serikali ya mkoloni iliyapita tu. Na wachoma chokaa walikuwa na adabu yao. Kabla ya kuugusa mji uliohamwa walipeleka habari misikitini na majumbani, na mwenye nyumba ya wazee wake huko alikwenda kufunga kitambaa cheupe ukutani. Nyumba yenye kitambaa haikuguswa. Haikuwa na mlinzi wala mlango, lakini kitambaa kile kilikuwa kama kufuli.

Siku moja baada ya Alasiri Baba alikaa karibu na Bibi, akawa anaitazama mikono yake mwenyewe iliyobabuka kwa chokaa.

"Mama, tukimaliza tanuu hili tutakwenda Uwandani. Nimewaambia wenzangu wangoje. Mtume mtu akafunge kitambaa."

"Mtu gani? Nani aijuaye?"

"Nitakwenda mwenyewe moto ukizimika."

"Na wenzako watakungoja moto uzimike? Nitakwenda mimi."

"Mama, huoni."

"Nina mume mwenye mato," alisema Bibi, akaninyoshea mkono mahali nilipokuwa nimekaa, bila kukosea hata kidogo.

Nilijiona mkubwa, wallahi. Nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani na shule, sijafikia hata kufunga Ramadhani nzima, na nilikuwa nimekabidhiwa kazi ya kuiokoa nyumba ya wazee.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, Bibi alifungua sanduku lake. Kama wazee wengi wa kike alikuwa ameiweka sanda yake tayari, bafta nyeupe iliyofukizwa ubani. Alishika ukingo wake kwa meno, akachana utepe mrefu. Mama yangu alishtuka. "Bibi, hiyo si ya kuchezea!" Naye akajibu, "Nitakapovaa sitakuwa na safari ndefu. Ikipungua kidogo hakuna atakayeniona."

Aliyetuvusha ni Kombo, mvuvi wa Shela, mtu wa maneno mengi na kifua kipana. Njia nzima alitusimulia jinsi alivyowahi kulala peke yake katika magofu, jini likaja, akaliuliza kama lina tumbaku. Lakini tulipofika ufukoni pa Uwandani alianza kuikagua mashua yake kama aliyeiona kwa mara ya kwanza.

"Nendeni, Bi Mwanahawa. Mimi nitaangalia chombo."

"Kombo, chombo kimefungwa."

"Ndiyo, lakini maji haya si ya kuaminiwa."

"Si mai uyaogopayo," alisema Bibi, akanishika bega, tukaingia.

Mikono ya mtu asiyeona, ikiwa begani mwako, ni mizito. Nilihisi kila alichokihisi. Msikiti tuliuona upesi: ukuta wa kibla ulisimama peke yake, umezungukwa na miiba. Kisima tulikikuta nyuma yake. Bibi alitupa kijiwe, akasikiliza. Kilitua kwa mlio mkavu. "Ndicho," alisema, na uso wake ukawa wa msichana. "Kisima cha chumvi. Hakina hata chumvi sasa." Kila kitu kilikuwa palepale mama yake alipokiacha. Nilianza kuona kwamba Uwandani haukuwa hadithi, na hilo, badala ya kunifurahisha, lilinitia hofu. Hadithi huwezi kuingia ndani yake ikakufungia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa mahali peupe. Jua liliingia mpaka ndani, mijusi ilikimbizana ukutani. Nilimkalisha Bibi kwenye kiti cha jiwe cha daka, nikamwambia anisubiri nikatafute ndia ya kwenda ya pili.

"Usikawie, mume wangu. Usiniwache mjane mchana."

Nyumba ya pili ilikuwa kama alivyosema, imeinamia bondeni. Mtini ulikuwa umeikalia, mizizi yake imeteremka ukutani mithili ya nta ya mshumaa, na chini ya kivuli chake palikuwa na giza la saa nyingine. Niliviona viti viwili vya mawe. Niliuona ukumbi, na mwisho wake mlango mweusi. Nilikuwa nimekwisha kuinua mguu kuingia ndipo nilipoisikia.

Ilikuwa sauti ya maji. Kwanza tone moja, na jingine. Kisha, wazi kabisa, sauti ya mtu anayeteka maji kwa kata na kuyamimina. Akanyamaza. Akateka tena.

Fikirini jinsi nilivyofundishwa. Mji huu ulikufa kwa kukosa maji. Kisima chake nilikuwa nimekisikia muda si mrefu, kikavu kama kifuu. Nani basi, ndani ya nyumba ile, alikuwa akiteka maji? Nilimwona msichana mwenye kata, ninaapa nilimwona, amenipa mgongo, ameinama kwenye giza, anamtafuta samaki.

Nilikimbia. Nilipofika kwa Bibi nilikuwa nahema, na alinigeukia uso wote ukiwa umefunguka kwa matumaini.

"Umeiona?"

Ningeweza kusema naogopa. Angenicheka, angenishika mkono, tungekwenda pamoja, kwa sababu yeye hakuogopa kitu mjini mwake. Lakini mume mwenye mato hawezi kusema anaogopa. Nilisema, "Bibi, ni hii hii. Nyumba ya kwanza imeanguka yote, tumeipita bila kujua. Hii tuliyokaa ndiyo ya pili."

Kisha akasimama, akanipa mkono nimwingize.

Uongo una kazi nyingi, na nilizifanya zote. Nilimpeleka chumba cha ndani cha jirani. Nilitafuta kidaka cha safu ya chini kilichojaa kifusi na mizizi, nikaviweka vidole vyake juu yake. Aliuliza birika. Nikasema limefukiwa na udongo, halifikiki. Alipitisha vidole vyake kwenye kile kifusi, taratibu, kushoto na kulia, akarudia.

"Na ua?"

"Mvua imelifuta, Bibi."

Vidole vyake vilibaki pale muda mrefu. Kichwa chake alikiinamisha kidogo, kama mtu anayejaribu kusikia ni nani anayeitwa chumba cha pili. Kisha akanyunyiza marashi sakafuni, akasoma Fatiha, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikupata kuisikia kwake kabla wala baada, "Asalaam alekum, kaka. Mama alikawia." Nikampa utepe wa sanda. Akaufunga kwenye mzizi uliotoka juu ya kidaka, mafundo matatu, akaukaza kwa meno.

Njiani kurudi Kombo aliuliza kama tumeona chochote. Bibi alimjibu kwamba jini limeulizia tumbaku yake. Bibi akacheka mpaka tukafika. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikiyatazama maji, na kila Kombo alipoyachota ndani ya mashua kwa kopo na kuyamwaga niliisikia sauti ile.

Wenzake Baba walikwenda Uwandani. Kwa majuma kadhaa mashua zilileta mawe, na tanuu likawaka, na moshi ukalala juu ya Langoni. Nyumbani kulikuwa na harusi ya dada yangu Khadija iliyokaribia, na Baba alikuwa ameahidi kuta zote zipigwe chokaa mpya.

Alirudi alasiri moja akiwa amefurahi, kitu kimefungwa kwenye kikoi chake. Alikaa mbele ya Bibi.

"Mama, nimekuletea zawadi ya Uwandani. Nyumba yako haikuguswa, kitambaa nimekiona kwa macho yangu. Lakini hiyo ya pili yake, ile yenye mtini, haikuwa na mwenyewe. Na ndani tumekuta ajabu. Birika, Mama! Dari liliporomoka, mvua ikaingia, mti umelitilia kivuli, limejaa maji matamu. Njiwa wa porini wanaoga humo, wanayateka kwa mbawa zao wanayarusha huku na huku. Tumekunywa sisi tukashukuru. Na chini yake nimelitoa hili."

Akamwekea bakuli mapajani.

Mimi nilikuwa nikipanga vifuu vya nazi karibu na mlango. Ninakumbuka nililiona lile bakuli kabla ya kuelewa, samawati yake iliyokoza kama mkondo wa Manda. Bibi aliliinua. Kidole chake cha shahada kilianza safari ukingoni, kikizunguka polepole, na mimi nilikuwa nimejua kitakaposimama. Kikasimama. Kikaingia katika pengo, kikatulia humo.

"Moto mmetia?" aliuliza.

"Umezimika juzi. Sijaona chokaa safi kama hiyo. Hiyo ndiyo itakayopigwa humu ndani kwa harusi." Kisha Baba akauona uso wake. "Mama, kwani vipi?"

"Bakuli hili ni la kwetu."

Baba hakuwa mtu mzito wa kuelewa; alikuwa amekiamini kitambaa tu. Nilimwona akihesabu nyumba kichwani, ya kwanza, ya pili. Rangi ikamtoka. Kisha akanigeukia, akaniita kwa jina, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuinuka ingawa alikuwa bado amekaa.

"Shee! Bibi yako ulimpeleka wapi?"

Nikafungua mdomo. Na kabla sijajua kama ungetoka ukweli au uongo mwingine, Bibi alisema, "Mwache mtoto. Mimi ndiye niliyemwambia nyumba ya kwanza."

"Mama, wewe? Umeisema ya pili maisha yako yote."

"Nimesahau. Uzee huo. Nilifika pale nikachanganyikiwa, nikamwambia ni hii. Yeye alitaka kwenda mbele, mimi nikamkataza." Akaligeuza bakuli likaangalia chini. "Kosa ni langu."

Nilinyamaza. Andikeni hilo mahali, kwa sababu ndilo kubwa kuliko uongo wa kwanza. Kule gofuni niliogopa, na mtoto ana ruhusa ya kuogopa. Lakini hapa nilikuwa kwetu, mchana, nikijua ninachokifanya, nikamwacha mwanamke mzee abebe mzigo wangu mbele ya mwanawe. Nilichokifikiria kwa wakati ule ni bakora ya Baba tu. Nilidhani Bibi ameniokoa na kipigo, nikamshukuru kimoyomoyo, nikadhani yamekwisha.

Hayakuisha. Baba aliona uchungu, na katika uchungu wake aliwaeleza watu kwamba mama yake ameanza kupotewa na akili. Habari hiyo ilitembea kwa huruma, na huruma inatembea haraka. Watu wakaanza kumzungumzia Bibi mbele yake kwa sauti ya juu, kama kwa mtoto. Alipotaja Uwandani walitazamana. "Bibi ashachanganya, masikini." Siku moja walikuja watu kuuliza habari ya kunyonya, kwa ajili ya posa. Bibi akawajibu kwa yakini yake ile ile, nao wakamshukuru, wakatoka, nikawasikia barazani wakisema itabidi waulize kwingine ili wawe na uhakika. Viatu vya wazee mlangoni vilipungua. Mwisho vikabaki vyangu na vya kina mama waliokuja kumwangalia kama anakula.

Wala hakunilaumu. Aliendelea kuniita mumewe. Kitu kimoja tu kilibadilika: hakunisimulia tena Uwandani, nami sikumwomba.

Chumba chake kilipigwa chokaa ile ya Uwandani kabla ya harusi. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya Sala, aliinama karibu na kitanda, chini kabisa ya ukuta, akaweka kiganja chake pale na kukaa hivyo kwa kitambo. Nilidhani anatafuta makubadhi yake. Mara nyingine nilikwenda nikamsogezea, naye akasema, "Ahsante, mume wangu," akayavaa, hata kama hakuwa na pa kwenda.

Alifariki nikiwa Mombasa katika masomo ya sekondari. Niliporudi Mama aliniambia kwamba waliomwosha waliikuta sanda imepungua, wakaiungia bafta mpya. Hakuna aliyekumbuka kwa nini.

Nilifanya kazi, nilioa, nikastaafu. Uzeeni ndipo nilipotaka kuiandika historia ya nyumba ya Uwandani: nani aliijenga, ukoo gani, walitoka wapi kabla ya hapo, yule msichana wa kata jina lake nani. Nilizunguka nyumba za Langoni, nikavuka hadi Kililana kwa jamaa wa mbali. Kila nilipouliza nilijibiwa namna moja: alikuwa akiyajua Bi Mwanahawa, lakini alipotewa, hatukuyashika maneno yake. Mzee mmoja alinihurumia. "Bibi yako alitaka kunieleza yote," aliniambia, "nami nilikuwa nikimwitikia tu, ili asione vibaya."

Hapo nikaelewa bei ya yale maneno "nimesahau". Mtu ambaye utajiri wake wote ulikuwa ni kukumbuka, alisema mbele ya watu kwamba amesahau. Alijua atakachopoteza. Wageni, heshima, na nyumba ile kwa mara ya pili, kwa sababu baada ya hapo hata ile ya maneno haikupata wa kuirithi. Aliitoa yote ili mimi nisichapwe. Na mimi niliyeijua njia ya kisimani, viti, birika na ua, mimi niliyeweza kusema "Bibi hakusahau," nilikuwa nimekaa mlangoni na vifuu vya nazi.

Nilikwenda Uwandani mara moja tena. Nyumba ya jirani bado ina kuta. Utepe wa bafta haupo, bila shaka, ila juu ya kidaka kile kuna mzizi mnene wenye mfinyo, kama kiuno kilichofungwa mkanda. Ya pili ni uwanja wenye mwinuko mdogo na mtini ulioanguka. Sikuweza kujua chumba cha ndani kilikuwa wapi. Nilisimama hapa nikasoma Fatiha, nikasogea pale nikasoma tena, nikaogopa kukanyaga.

Athmani, jambo nililotaka kukuambia ni hili. Uzibandue kuta zote, uzipige saruji unavyotaka. Chumba cha Bibi kiache. Bakuli lipo ndani ya kabati langu, pengo lake lipo. Fundi amebandua kipande cha juu tu. Upande wa chini, karibu na kitanda kilipokuwa, mahali pafikapo mkono wa mtu aliyeinama, pamelainika kwa kuguswa, hapajaguswa na patasi.

Jana asubuhi baada ya Sala niliinama hapo. Niliweka kiganja, ukuta ulikuwa baridi na una unyevu, nikasema salamu aliyoisema yeye. Mjukuu wangu mdogo alikuwa mlangoni akinitazama. Alikimbia akarudi na viatu vyangu, akavipanga mbele yangu vizuri.

Sikuvivaa. Nikamwambia kaa hapa, nikuoneshe ndia ya kwenda Uwandani.